Maji Yajuaje?



Bwana Mhariri ameniomba niandike katika kurasa hizi za Kiswahili juu ya udadisi wa wanafunzi, yaani ile tabia ya kuuliza mambo na kuyafikiri kwa akili zako mwenyewe. Nilikubali upesi, kisha nikajuta, kwa maana katika shauri hili mimi ni mshtakiwa kabla ya kuwa shahidi. Wako wanafunzi watakaokumbuka kwamba mwaka jana, nilipokuwa kiranja wa bweni, nilimwadhibu mtoto wa kidato cha kwanza kwa kosa la kupoteza maji. Habari hiyo yafaa niieleze mwenyewe, tena tangu mwanzo.

Mwanzo wake ni Kayabwe. Msafiri atokaye Kampala kwenda Masaka, akiisha kwenda kilomita zipatazo 70, huvuka mstari wa ikweta. Mahali hapo pamejengwa maduara mawili meupe ya saruji, moja kila upande wa barabara, na wageni hupenda kusimama hapo wapigwe picha, mguu mmoja kaskazini ya dunia na mguu mmoja kusini. Yuko pia mtu mwenye makarai matatu yenye tundu chini. La kwanza limewekwa hatua chache kaskazini ya mstari, la pili hatua chache kusini, na la tatu juu ya mstari wenyewe. Yule mtu hutia maji, huweka ua dogo lielee juu yake, kisha huzibua tundu. Upande mmoja ua huzunguka kulia, upande wa pili huzunguka kushoto, na pale kwenye mstari maji hushuka wima bila kuzunguka hata kidogo. Watazamaji hupiga makofi, hutoa shilingi zao, wakaenda zao.

Safari yetu ilikuwa ya chama cha jiografia, watu wa vidato vyote katika basi moja. Nasi tulipiga makofi. Ndipo mtoto mmoja wa kidato cha kwanza, mwembamba, suruali imemzidi kimo, akainua mkono kana kwamba yuko darasani, akasema, "Karai limehamishwa hatua kumi tu. Maji yajuaje kwamba yamevuka?"

Tulicheka sana. Mimi, mtu wa kidato cha tano na mwenye kusoma fizikia, nilicheka kabla ya wengine. Mmoja wetu akamwambia ayaulize maji yenyewe. Dereva akapiga honi, tukapanda basi, na njia nzima mpaka Kampala mtoto yule hakuitwa jina lake, aliitwa Maji.

Siku nne baadaye nikamkuta nyuma ya bweni wakati wa kupumzika. Juma lile mabomba yalikuwa makavu tangu Jumatatu, tukawa twateka maji ya tangi kwa zamu, ndoo moja kwa watu wawili. Yeye alikuwa ametoboa beseni lake la kufulia, ameliziba kwa gunzi la hindi, na kuliweka juu ya matofali. Akawa anatia maji, anangoja, anazibua gunzi, anainama kutazama, kisha anaandika kitu. Chini aliweka ndoo ya kuyapokea, lakini mengi yalimwagika, na ardhi yote pale ilikuwa tope. Nilimwuliza afanya nini.

"Nahesabu, kaka," akajibu.

Sikumwuliza ahesabu nini. Nilimpa adhabu ya kufyeka majani nyuma ya jiko siku nzima ya Jumamosi, naye akaenda akafyeka bila kunung'unika. Jioni nilipoingia chumbani nikakuta karatasi juu ya kitanda changu, ukurasa mmoja uliochanwa katika daftari. Ilikuwa na safu mbili za vijistari. Chini ya neno Kulia palikuwa na vijistari 9; chini ya Kushoto palikuwa na 11. Mwishoni aliandika kwa hati nzuri: "Bado sijui. Maji yalikwisha kabla ya kutimia 30."

Usiku ule nilifungua kitabu cha fizikia, na kwa mara ya kwanza sikukifungua kwa ajili ya mtihani. Niliyoyakuta humo, pamoja na mengine niliyoyasoma baadaye maktabani, ni haya. Maadam dunia huzunguka, kitu chochote kiendacho safari ndefu juu yake huonekana kupinda njia: kaskazini hupinda upande wa kulia, kusini hupinda upande wa kushoto. Mfaransa mmoja, Gaspard-Gustave Coriolis, ndiye aliyeieleza hesabu yake mwaka 1835, na jambo hilo huitwa kwa jina lake mpaka leo. Ndiyo sababu tufani kubwa za upande wa kusini, kama ile ya Idai iliyoupiga mji wa Beira katika Msumbiji mwezi wa Machi 2019, huzunguka kama mishale ya saa, na zile za kaskazini huzunguka kinyume chake. Hata hapo yule mtu wa Kayabwe hajasema uongo.

Lakini tufani ina upana wa mamia ya kilomita, nayo hukaa siku nyingi. Beseni huisha maji kwa nusu dakika. Tena nguvu hiyo juu ya ikweta ni sifuri, nayo huongezeka polepole kadiri uendavyo kwenye ncha za dunia. Nilipiga hesabu: hatua kumi kutoka kwenye mstari, haifikii hata sehemu moja kwa 100,000 ya ile iliyoko kwenye ncha. Basi kinachoyazungusha maji katika karai ni mambo madogo yaliyo karibu zaidi: namna yalivyotiwa, umbo la karai, mkono uliozibua tundu. Mtu akibeba maji kisha akageuka kuwatazama wageni wake, maji nayo hugeuka pamoja naye, na huendelea kugeuka kwa muda hata kama kwa macho yaonekana yametulia. Atakaye yazunguke kulia aweza, na atakaye kushoto aweza, huko Kayabwe au hapa Kololo.

Wako wataalamu waliolitazama jambo hili kwa bidii kubwa. Mwaka 1962 Ascher Shapiro, wa chuo cha MIT huko Marekani, alitumia tangi la duara lenye upana wa futi 6, akalifunika, akayaacha maji yatulie muda wa saa 24, kisha akayatoa kwa tundu dogo sana katikati. Ndipo alipoyaona yakizunguka kinyume cha saa, kama inavyopasa kaskazini. Mwaka 1965 wenzake walifanya vivyo hivyo Sydney katika Australia, yakazunguka kama saa. Fikirini taabu hiyo: siku nzima ya kungoja maji yasahau namna yalivyotiwa. Na hayo yalikuwa mbali na ikweta, mahali ambapo nguvu yenyewe ipo.

Kwa hiyo jibu la swali lililochekwa lilikuwa fupi: maji hayajui. Katika basi zima lenye watu wa sayansi, mtu mmoja tu ndiye aliyekuwa ameona tatizo, naye ndiye niliyempa fyekeo.

Tangu siku ile nimefikiri sana kwa nini tulicheka. Sidhani kwamba tulikuwa wajinga. Nadhani tulikuwa tumezoea aina moja tu ya swali. Nyumbani kwetu Buganda watoto hutega vitendawili jioni, ebikokyo. Mtegaji husema "Koyi koyi," nawe waitika "Lya." Ukishindwa, wampa kijiji, naye akupa jibu, kwa sababu jibu analo tangu awali, liko mfukoni mwake. Mtihani ni kitendawili vilevile, ila kijiji chenyewe ni nafasi yako ya kwenda Makerere. Mwulizaji anajua, mwulizwa hubahatisha. Basi mtu akisimama na swali ambalo jibu lake haliko katika mfuko wa mtu yeyote, twaona amevunja sheria ya mchezo. Twamcheka ili arudi mstarini.

Katika Afrika yetu ya Mashariki uko mfano mashuhuri wa mwanafunzi aliyechekwa hivyo asirudi mstarini. Nitausimulia kwa urefu, kwa sababu wengi hulijua jina lakini hawaijui habari yenyewe.

Mwaka 1963 Erasto Mpemba alikuwa kidato cha tatu katika shule ya sekondari ya Magamba, milimani Usambara, huko Tanganyika. Wavulana wa pale walipenda kutengeneza aiskrimu. Walinunua maziwa kwa akina mama wa jirani, wakayachemsha, wakatia sukari, wakayaacha yapoe, ndipo wakayaweka katika friji. Shida ilikuwa nafasi, maana friji halikuwatosha wote. Siku moja Mpemba alikuwa akichemsha maziwa yake, mwenzake akamwona, akakimbia kutia sukari katika maziwa mabichi na kuyaweka humo bila kuyachemsha, ili asikose nafasi. Mpemba akaona akingoja yake yapoe chombo cha mwisho kitachukuliwa. Akayatia yakiwa ya moto, huku akijua kwamba huenda akaliharibu friji. Baada ya saa moja na nusu wakarudi wote wawili. Maziwa ya Mpemba yalikuwa yameganda. Ya mwenzake yalikuwa bado uji.

Alimwuliza mwalimu wake wa fizikia sababu. Mwalimu akamwambia kwamba amechanganyikiwa, jambo hilo haliwezi kutokea. Mpemba aliandika baadaye kwamba wakati ule aliliamini jibu hilo. Nami naliona ndilo neno la uchungu kuliko yote katika habari hii: aliyaamini ya mwalimu kuliko aliyoyaona kwa macho yake.

Kilichomrudishia imani ni wachuuzi. Alikuwa na rafiki mjini Tanga aliyeuza aiskrimu, naye akamwambia kwamba wao huyatia maziwa yakiwa moto, kwa sababu hivyo huganda upesi. Ujuzi huo aliupata kwa ndugu yake. Basi jambo lililosemwa darasani kwamba haliwezekani lilikuwa likiwalisha watu sokoni.

Alipofaulu alikwenda shule ya Mkwawa, Iringa, mahali ambapo leo pana chuo kikuu kishiriki. Waliposoma habari za joto na kanuni ya Newton ya kupoa kwa vitu, aliuliza tena. Mwalimu mwingine, jibu lilelile. Mpemba alipobisha, akaambiwa kwamba hiyo ni fizikia ya Mpemba, si ile ya dunia nzima. Tangu hapo darasa likapata mchezo. Akikosea hesabu, ikaitwa hesabu ya Mpemba. Angaliendelea hivyo mpaka mwisho, lakini siku moja aliikuta maabara ya biolojia i wazi, hapana mwalimu. Akatwaa bilauri mbili ndogo, moja akaijaza maji ya bomba, nyingine maji ya moto, akaziweka katika friji. Aliporudi baada ya saa moja alikuta barafu imekuwa nyingi zaidi katika ile iliyokuwa ya moto. Hapakuwa na mtu wa kumwambia kwamba amechanganyikiwa. Palikuwa na barafu tu.

Kisha akaja mgeni, Dokta Denis Osborne, mwalimu wa fizikia kutoka Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kuwahutubia wanafunzi. Mwisho wa hotuba maswali yakaruhusiwa. Mpemba akasimama mbele ya shule nzima akauliza: ukichukua vyombo viwili vilivyo sawa, maji sawasawa, moja ya joto la digrii 35 na moja ya digrii 100, ukaviweka katika friji, yale ya digrii 100 hutangulia kuganda. Kwa nini? Wenzake waliguna. Baadaye walimsema kwamba amewaaibisha, na kwamba nia yake ilikuwa kumshinda mgeni kwa swali.

Osborne alimwuliza kama amelijaribu mwenyewe. Akasema ndiyo. Osborne akakiri kwamba hajui, akaahidi kulijaribu akirudi Dar es Salaam. Wasomaji, hapa yafaa tupumzike kidogo. Mtu wa daraja lake, mbele ya umati wa wanafunzi, angaliweza kulimaliza swali lile kwa tabasamu tu na watu wote wangalimshangilia. Yeye mwenyewe hakusadiki kwamba ni kweli. Hata hivyo alirudi, akamwagiza msaidizi wake wa maabara afanye jaribio. Msaidizi akaleta habari kwamba kweli maji ya moto yametangulia, akaongeza kwa uaminifu mkubwa kwamba wataendelea kulirudia jaribio mpaka wapate jibu sahihi! Mimi simcheki msaidizi huyo. Mara ngapi nasi katika maabara yetu tumeandika namba iliyomo kitabuni, si ile tuliyoisoma kwenye kipimo?

Walifanya majaribio mengi kwa bilauri zenye sentimita 70 za ujazo wa maji. Waliona kwamba maji yaliyopotea kwa mvuke yalikuwa machache mno kuweza kueleza jambo lote, na kwamba tabaka la mafuta juu ya maji huchelewesha kuganda kwa saa kadhaa. Maana yake joto hutoka sana kwa juu, na maji yaliyoanza na moto huendelea kuwa na juu penye joto. Mwaka 1969 habari zao zilichapishwa katika gazeti la Uingereza la walimu wa fizikia, sehemu ya kwanza imeandikwa na Mpemba mwenyewe. Wakati huo alikuwa akisomea mambo ya wanyama wa porini katika chuo cha Mweka, karibu na Moshi. Jambo hilo tangu hapo huitwa kwa jina lake duniani kote. Ilibainika pia kwamba Aristotle, Bacon na Descartes walikuwa wamelitaja karne nyingi zilizopita. Watu walikuwa wamelisahau, ila wachuuzi wa Tanga.

Sasa naja mahali ambapo wasimulizi wengi hukomea, na mimi sitaki kukomea. Je, ni kweli? Mwaka 2012 chama cha wanakemia cha Uingereza kilitangaza zawadi kwa atakayelieleza vizuri, wakapokea majibu zaidi ya 22,000, na hata leo wataalamu hawajapatana. Mwaka 2016 Henry Burridge na Paul Linden, wa Uingereza, walipima kwa uangalifu wakasema hawakuona dalili ya kutosha kwamba maji ya moto hupoa upesi kuliko ya baridi. Tena wakaonyesha kwamba ukisogeza kipimajoto sentimita moja tu juu au chini waweza kujidanganya mwenyewe. Wengine huona jambo lenyewe lipo, lakini hutokea katika hali fulani tu.

Sisi nasi tulijaribu, kwa ruhusa ya mzee wetu wa jikoni, katika friji lake. Mara nyingi ya baridi yalitangulia. Mara moja ya moto yalishinda, na tulipokiinua chombo tukaona kilikuwa kimekaa juu ya theluji ya friji, moto wake ukaiyeyusha, nacho kikagusana vizuri na chuma baridi. Hiyo ni mojawapo ya sababu zinazotajwa na wataalamu. Sisemi tumethibitisha lolote. Kipimajoto chetu kina ufa.

Mwenzangu mmoja aliposikia haya alisema, "Basi mwalimu wake alikuwa na haki." Jibu hilo lilinikera, ikanichukua siku mbili kujua sababu. Hata kama Burridge na Linden wana haki, wao walipima. Yule mwalimu hakupima. Aliyesema kweli bila kutazama na aliyesema uongo bila kutazama wameketi benchi moja. Na upande wa pili, kama Mpemba alikosea, kosa lake limewapa watu kazi kwa zaidi ya miaka 50, na wamejifunza mengi juu ya maji ambayo hakuna aliyekuwa akiyatafuta.

Msidhani kwamba haya ni ya wanafunzi peke yao. Kutoka veranda ya bweni letu twakiona kilima cha Mulago. Katika hospitali ile mwaka 1957 daktari Hugh Trowell alimwita mwenzake mpasuaji, Denis Burkitt, amtazame mtoto wa miaka mitano aliyevimba taya pande zote mbili. Burkitt, Mwairishi aliyepoteza jicho moja angali mtoto wa shule, hakuelewa ugonjwa ule. Baada ya muda mfupi alikuwa katika hospitali ya Jinja, akatazama dirishani, akaona mtoto mwingine mwenye uso uleule. Wengine wangaliuona tu. Yeye alitoka nje kumtafuta.

Mwaka 1958 aliandika habari za uvimbe huo. Kisha akauliza swali la kitoto kabisa: watoto wenye ugonjwa huu wakaa wapi, na wasioupata wakaa wapi? Alizipelekea hospitali nyingi za Afrika karatasi zenye picha. Mwaka 1961 yeye na wenzake wawili wamisionari, Ted Williams na Cliff Nelson, walisafiri kwa motokaa kuukuu ya Ford majuma kumi, maili zipatazo 10,000, kutoka hospitali hata hospitali, wakiuliza. Walikuta kwamba ugonjwa huo hufuata joto na mvua, kama malaria. Katika mwaka huohuo alihutubia London, na msikilizaji mmoja, Anthony Epstein, aliomba apelekewe vipande vya uvimbe kutoka Kampala. Mwaka 1964 yeye na wenzake wakaona virusi ndani yake, vya kwanza kujulikana kuwa vyaleta saratani kwa wanadamu. Yote hayo yalianza kwa mtu kutazama dirishani kisha kutoka nje.

Nirudi nyumbani. Wazee wetu mliosoma hapa zamani labda mwauliza kama mambo si mepesi zaidi siku hizi. Kwa upande mmoja ni mepesi. Mtaala mpya wa sekondari ulioanza na kidato cha kwanza mwaka 2020, na kutahiniwa mara ya kwanza mwaka 2024, unataka mwanafunzi afanye kazi yake mwenyewe, atazame, apime, aeleze. Hilo ni jema. Lakini mtaala haukai nasi basini. Bado mtu akiuliza lisilomo, kuna sauti ya nyuma inayouliza kama litatoka kwenye mtihani. Walimu wetu, nisiwasingizie, wengi wao hufurahi wakiulizwa. Ni sisi tunaoguna. Mwalimu aliyemjibu Mpemba vibaya alikuwa mmoja, kisha akawa wa pili. Waliomcheka walikuwa darasa zima, kila siku, mpaka chumba cha kulala. Na sisi viranja twaweza kuua swali bila kujua kwamba tumeua kitu, kwa sababu mkononi tuna kanuni ya maji, nayo ni kanuni nzuri.

Nilimwendea mtoto yule nikamwomba radhi. Nilikuwa nimetayarisha maneno mengi. Yeye alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza kama ni kweli kwamba kiranja hupewa ndoo mbili. Jumapili baada ya Misa tulimaliza zile kumi zilizobaki, yeye akizibua, mimi nikihesabu. Jumla yake: kushoto 16, kulia 14. Alitaka tuendelee mpaka 100, nikamwambia tungoje mvua.

Mvua ilipokuja alikuwa na jambo jingine. Sasa maktabani liko daftari kubwa lenye jalada jekundu, limefungwa kwa kamba mezani. Mtu yeyote huandika swali lake humo bila jina. Anayejibu sharti aandike alifanya nini mpaka akajua: alipima, alihesabu, alimwuliza nani, au alisoma wapi. Jibu la "inajulikana" hufutwa. Kurasa nyingi hazina jibu lolote, na mtunza maktaba aliwahi kutuuliza kama hilo halituaibishi. Wazee wenye kipimajoto kizima wasichokitumia wakumbuke kwamba chetu kina ufa.

Swali la juzi naijua hati yake. Kila mwaka, Novemba ikifika, sote twatoka na taa na mabati kukamata nsenene, nao huja penye mwanga wa umeme kama walioalikwa. Yeye ameandika: kabla umeme haujafika Kampala, nsenene walishuka wapi, na babu zetu waliwakamataje? Nimezunguka bweni zima wala sijapata anayejua. Mwenye babu aliye hai amwulize wakati wa likizo, arudi na jibu. Ukurasa ni wa 31.